Yule wa Kitabuni Alitoka

Edith alizima gari nje ya geti la shamba, akavuta breki ya mkono kwa nguvu kana kwamba anamkomoa mtu.

"Nusu saa," akasema. "Ikizidi dakika moja nakufuata huko ndani, na sitakuja nikicheka."

"Sawa, dada."

"Na usimlilie. Umenisikia? Msichana ana diploma yake, ana kazi yake Al Sadd, anamlilia mtu wa kuosha farasi! Mama akisikia huko Nyamira atasema nilikuleta Doha nikakutupa."

Nyaboke akafungua mkanda wa kiti. Tangu watoke Fereej Bin Mahmoud dada yake alikuwa akisema hayo hayo, na yeye alikuwa amekwisha kuyajibu yote kimoyomoyo, moja baada ya jingine, bila kufungua kinywa. Edith alimzidi miaka kumi. Ndiye aliyemlipia chuo cha uuguzi, ndiye aliyempokea uwanja wa ndege. Mtu wa namna hiyo huwezi kumjibu unavyotaka.

Akashuka. Joto la alasiri likamvaa usoni, na nyuma ya joto ikaja harufu ya samadi na nyasi kavu. Umm Salal ilikuwa kimya Ijumaa ile. Ukuta mrefu wa rangi ya mchanga, mitende iliyochoka, na mbali kidogo mlio wa pampu ya maji.

Siku kumi na tano. Kwa siku kumi na tano Cornelius hakupokea simu yake hata mara moja. Meseji alikuwa akizisoma, hilo Nyaboke alilijua, maana zile alama mbili za buluu zilitokea hata kabla hajaiweka simu chini. Lakini jibu, hakuna. Bora angemtukana. Tusi lingempa mahali pa kushika.

Na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Hilo ndilo lililomkera zaidi, kwamba hata mtu wa kumlaumu hakuwa naye.

Toka kidato cha pili Nyaboke alikuwa mgonjwa wa riwaya za mapenzi za Magharibi ya Amerika, zile za wachunga ng'ombe: jaladani mwanaume mwenye kofia pana na shati lisilofungwa vifungo, nyuma yake nyanda kavu na farasi, na mwanamke wa mjini aliyefika huko peke yake na sanduku moja. Alizisoma chini ya dawati. Alizisoma bwenini kwa tochi. Alipofika Doha akazisoma kwenye simu, ndani ya basi la kazini. Halafu siku moja akachoka kusoma za wengine, akaanza kuandika yake kwa Kiswahili. Akaiita *Bonde la Vumbi*. Nyanda zake zilikuwa Baringo, wachunga ng'ombe wake walizungumza kama watu anaowajua, na shujaa wake, Kimaru, alikuwa mwanaume mrefu, mkimya, asiyejua kusema nakupenda mpaka ukurasa wa mia mbili. Kila Jumatano alirusha sura moja kwenye chaneli yake ya WhatsApp. Wasomaji thelathini wakawa mia, mia wakawa elfu mbili: mayaya, wapishi, masoja wa mageti, wauguzi wenzake.

Kimaru alikuwa hajapata uso mpaka siku Cornelius alipoletwa kliniki akiwa amevunjika mtulinga. Farasi alikuwa amempiga teke. Alikaa kitandani na kofia ya nyasi mapajani, wima, haguni, na Nyaboke alipoiona kofia ile akashindwa kujizuia.

"Mbona unanicheka, sista?" Cornelius akauliza. "Kwenu mtu akivunjika huwa mnafurahi?"

Hivyo ndivyo walivyoanza. Na mwezi wa tatu, kwenye benchi la bustani karibu na kwao, Cornelius akamweleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu yeyote, si padri, si mama yake. Nyaboke alilihifadhi miezi sita. Kisha akaliandika. Lilikuwa sura ya kumi na saba.

---

Alimkuta nyuma ya banda la farasi, ameshika mpira wa maji, anamwagia miguu farasi jike mweupe. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alimwona, bila shaka alimwona, maana mkono wake ulisita kidogo. Kisha maji yakaendelea.

"Habari yako, Cornelius."

"Nzuri, sista."

Sista! Mwaka mzima alikuwa Nyabs, alikuwa wangu, alikuwa mrembo wa Nyamira. Sasa alikuwa sista, kama vile bado ana mtulinga wa kufungwa.

"Si unaweza kuzima maji tuongee?"

"Mguu wake una joto. Nikizima utavimba."

"Dakika tano tu."

"Ongea. Nasikia."

Nyaboke alikuwa ameipanga hotuba yake usiku kucha na asubuhi yote. Ilikuwa na mwanzo mzuri. Akavuta pumzi, akasogea hatua moja, akasema, "Nilichokifanya..." na simu ya Cornelius ikalia.

"Ndiyo, mudiri. Bado, mudiri. Halas, itakwisha, mudiri, kabla ya saa kumi na moja." Akaikata simu ya msimamizi wake. "Endelea."

"Nilichokifanya hakikuwa..."

Nyuma yake lori la nyasi likaanza kuingia kinyumenyume, likipiga king'ora chake cha pii, pii, pii. Nyaboke akapaza sauti. Lori likasogea. Akapaza zaidi. Maneno aliyoyapanga kwa upole, ya kumnong'oneza mtu sikioni, yakawa yanapigwa mayowe kama ya mnadani. Akakata hotuba yote akashika neno moja tu.

"Nisamehe!"

"Unasemaje?"

"Nimesema nisamehe!"

"Sikusikii!"

"NISAMEHE!"

King'ora kikakatika pale pale. Neno likabaki hewani peke yake, na wanaume watatu juu ya lori wakageuka kumtazama. Mmoja akacheka. Nyaboke akatamani maji ya ule mpira yamchukue.

Cornelius alizima bomba. Hakucheka. Alimwongoza farasi mpaka kivulini, na Nyaboke akamfuata kwa umbali, maana mnyama yule alikuwa mkubwa mno.

"Nani alikwambia?" Nyaboke akauliza walipofika. "Kuhusu hiyo sura?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilisomewa." Alikuwa akikausha goti la farasi kwa kitambaa, hamtazami. "Shamira, mpishi wetu. Tunakunywa chai jikoni, anatusomea hadithi ya Jumatano. Nilijua ni yako, nikawa naringa. Nikawaambia, nyamazeni, huyo ni mpenzi wangu ameandika. Halafu akaanza. Wezi wa ng'ombe. Shimo lililochimbwa na muhanga. Kijana amejificha ndani, mdogo wake yuko nje anamwita jina mara tatu." Mkono ulisimama. "Nilikuwa nimeshika mkate, Nyaboke. Nilishindwa kuumeza, nikashindwa kuutema."

"Nilibadilisha majina."

"Ulibadilisha majina."

"Hakuna anayejua ni wewe. Naapa."

"Mimi najua ni mimi."

Nyaboke aliona wazi kwamba kila neno alilolibeba kutoka mjini lilikuwa la saizi ndogo.

"Nilikuwa nikilala nasikia sauti ya Kibet, mdogo wako," akasema mwishowe. "Kijana ambaye sikuwahi kumwona. Sikujua nifanye nini na ile hadithi. Wewe uliniachia ukaenda zako ukalala. Mimi huwa naandika. Ndicho ninachojua."

"Ungeniuliza."

"Ungekubali?"

"Hapana."

"Ndiyo maana sikuuliza!"

Aliposikia alichokisema akauma mdomo. Cornelius alimtazama sasa, kwa mara ya kwanza, na macho yake hayakuwa na hasira aliyoitarajia. Yalikuwa yamechoka tu, kama ya mgonjwa aliyekesha.

"Na leo umekuja kwa nini?" akauliza. "Nakujua. Kuna kingine."

Nyaboke alikuwa amepanga jambo hilo lije mwisho, baada ya kusamehewa. Lakini sasa lilikuwa limeitwa.

"Kuna mchapishaji Nairobi. Amesoma yote. Anataka kuitoa hadithi kama kitabu. Anasema sura ya kumi na saba ndiyo moyo wake. Anangoja jibu langu Jumapili."

"Kwa hiyo umekuja kuomba msamaha, au ruhusa?"

Vyote viwili, na kila kimoja kilikiharibu kingine.

"Mama anajua nilikuwa sokoni siku ile," Cornelius akasema taratibu. "Nilimwambia nilikuwa Marigat, nikarudi nikakuta yameisha. Miaka kumi na miwili anajua hivyo. Kitabu kikichapishwa kitafika Marigat. Kuna mwalimu atakinunua, kuna mtu atamsomea. Hilo shimo analijua, liko nyuma ya zizi letu. Atahesabu mwenyewe."

"Basi naifuta."

"Nyaboke..."

"Hapana, ngoja. Naifuta. Sasa hivi, uone kwa macho yako." Akatoa simu, akafungua chaneli, akashuka mpaka sura ya kumi na saba, akafuta. Akafungua faili lake mwenyewe, akachagua kurasa kumi na moja, akafuta. Akamwonyesha kioo. "Imeisha. Mchapishaji namwambia hapana. Haipo tena."

Alitazamia bega lake lishuke. Alitazamia, Mungu amsamehe, hata kukumbatiwa. Ndivyo ambavyo angeiandika.

Cornelius alitupa kitambaa chini.

"Nani amekutuma uifute?"

"Si wewe ndiye..."

"Mimi nimesema futa? Umenisikia nikisema futa? Unaandika bila kuniuliza, unafuta bila kuniuliza! Unamfufua mtoto wa watu unapotaka, na ukitaka unamuua tena!"

"Sasa unataka nini, Cornelius? Niambie unataka nini! Nikiandika kosa, nikifuta kosa!"

"Sijui!" Farasi alirusha kichwa, naye akamshika shingoni, akashusha sauti. "Sijui ninachotaka. Nilimwomba Shamira anitumie. Ninayo hapa. Naisoma kila siku nikiamka. Unajua kwa nini? Kwa sababu huyo Kimaru wako anatoka. Anaitwa mara ya tatu, anatoka shimoni na bunduki, anapiga watu watatu, na mdogo wake anaishi. Kwako anaishi. Anakua, unasema ana ndevu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Yule wako alitoka. Mimi sikutoka. Naisoma ile sura nafurahi, halafu nikiiweka chini namchukia huyo mwanaume kuliko wale wezi."

Nyaboke alisimama pale na simu yake tupu. Alikuwa ameandika kurasa zaidi ya mia mbili kuhusu mtu huyu na hakuwa amemjua.

Ndipo Edith alipotokea, viatu vyake vya hospitali vikizama mchangani.

"Dakika arobaini!" akasema kabla hajafika. "Nyaboke, ingia kwa gari."

"Dada, kidogo tu."

"Kidogo gani? Nimesikia kelele mpaka nje. Mnapigiana kelele mbele ya wafanyakazi kama walevi?" Akamgeukia Cornelius. "Na wewe, kijana, sina ubaya nawe. Lakini huyu ana maisha mbele yake. Kitabu chake kinachapishwa, nani kwetu amewahi kuandika kitabu?"

"Hakichapishwi, dada. Nimeifuta sura. Jumapili namwambia mchapishaji hapana."

Edith alibaki mdomo wazi. "Umefuta sura gani?"

"Ya kumi na saba."

"Ya *Kimaru*?" Sauti ilimpanda. "Ya shimo? Nyaboke, una akili? Mimi niliisoma kazini nikaenda kulia chooni! Mgonjwa akanigongea! Huyo ndiye mwanaume, sasa. Mwanaume anayeitwa akatoka. Ungekuwa umeniletea mtu kama yule nyumbani, hata awe hana viatu, ningempigia mama simu mimi mwenyewe. Lakini unaandika Kimaru, halafu unanifungisha safari kuja kwa..." Akaonyesha ndoo, mpira wa maji, shati lililolowa. Hakumalizia.

Jibu lilimjia Nyaboke lote kwa mara moja. Lilikuwa fupi, lilikuwa kali, na lilikuwa kweli: *Kimaru ndiye huyu, dada. Umemlilia chooni huyu huyu.* Lingemnyamazisha Edith kwa mwaka mzima. Kwa miezi yote ya kuambiwa mtu wa kuosha farasi, mtu wa kunuka samadi, alikuwa akilitafuta jibu la namna hiyo, na sasa lilikuwa ulimini.

Akalimeza. Halikuwa lake kulitoa. Lilishuka kama kidonge kikavu, machozi yakamtoka kwa hasira tu.

"Unaona? Huna la kusema," Edith akasema. "Twende."

"Ni mimi, dada."

Edith akageuka. Cornelius alikuwa ameivua kofia.

"Nini ni wewe?"

"Hiyo sura. Ni mimi nilimhadithia. Shimo ni la kwetu. Aliyekuwa anaita ni mdogo wangu, aliitwa Kibet. Ila kwenye kitabu kijana alitoka." Alisema polepole, akimtazama Edith machoni, kama mtu anayevuka mto na kupima kila jiwe. "Mimi sikutoka. Aliita mara tatu. Nilijiziba mdomo kwa mkono."

Wale wa lori walikuwa wakishusha marobota ya nyasi, wakiimba wimbo wa kwao. Edith, muuguzi wa miaka kumi na tisa kazini, alikuwa amesikia watu wakisema mengi vitandani, na Nyaboke aliona uso wake ukibadilika, ule wa dada ukiondoka na ule wa kazini ukija. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Alikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Kumi na minne."

"Na wewe?"

"Kumi na saba."

"Ulikuwa na silaha?"

"Fimbo."

Edith alitikisa kichwa. Hakusema kwamba Cornelius hakuwa na kosa. Nyaboke akamshukuru kwa hilo, kwani yeye mwenyewe alikuwa amelisema mwezi wa tatu, na halikuwa limesaidia kitu.

Cornelius akamgeukia Nyaboke.

"Mwambie mchapishaji asubiri. Usimwambie hapana. Nitampigia mama kwanza, asikie kwangu, si kwa mwalimu. Akikubali, andika upya. Lakini asitoke."

"Nani asitoke?"

"Kimaru. Abaki shimoni."

"Cornelius." Ile hasira ya siku kumi na tano ilirudi, na safari hii haikuwa na aibu. "Hujui hivi vitabu. Mwanaume wa hivi vitabu lazima atoke. Asipotoka wasomaji watanirudishia kitabu. Hakuna atakayempenda mtu wa namna hiyo."

"Sijauliza wasomaji."

Alisema hivyo bila kupaza sauti. Vidole vyake vilikuwa vikizungusha ukingo wa kofia, vinazungusha, vinazungusha, na Nyaboke akaona kwamba mtu huyu, ambaye farasi mwenye kifua kipana kama mlango hakuwahi kumtisha, alikuwa anaogopa.

Kichwani mwake zilimjia sentensi zote alizowahi kuwaandikia wanawake wake wa nyanda kavu, wakiwa wamesimama mlangoni na upepo katika nywele. Hakuna iliyofaa. Alikuwa amechoka, miguu ilimuuma, na pua ilikuwa inavuja.

"Ulinihadithia mwezi wa tatu," akasema. "Niliandika mwezi wa tisa. Hapo katikati hakuna aliyekuwa ametoka shimoni. Miezi sita, Cornelius. Ilikuwa ni wewe na fimbo yako tu. Sasa niambie, miezi yote hiyo nilikuwa nampenda nani?"

Cornelius alimtazama, akamtazama, mpaka Edith pale kwenye ndoo akakohoa na kujifanya anatafuta kitambaa mkobani.

Kisha Cornelius akaivaa kofia. Akamfungua farasi kwenye chuma, akaja mpaka alipo Nyaboke, akamwekea kamba mkononi na kumfunga vidole juu yake, kimoja kimoja.

"Shika hapa," akasema. "Usiivute, usiiachie. Kule chumbani kwangu mtandao ni mzuri, na mama sasa hivi atakuwa ametoka kukamua."

"Cornelius, mimi sijawahi kushika farasi!"

"Kurasa mia mbili zote?"

"Sijawahi hata kumgusa mmoja!"

Alikuwa tayari anaondoka, simu sikioni. Farasi jike alishusha kichwa chake kirefu, akampumulia Nyaboke shingoni pumzi ya moto iliyonuka nyasi. Kamba hakuiachia. Kutoka chumbani ikamfikia sauti ya mwanaume ikisema, kwa lugha ya kwao ambayo alijua maneno yake machache tu, neno la kwanza, ambalo lilikuwa *mama*.

"Dada," akanong'ona bila kugeuza shingo, "nenda kafunge gari. Tutakuwa hapa kwa muda."